Gari Lililolala Masika Yote: Limeshikwa na Nini?

Wanachama wengi wana motokaa ndogo ambazo hukaa bila kazi masika yote, njia za mashambani zikiwa matope, mpaka karafuu zianze kuchumwa. Siku ya kwanza ya kulitaka gari, haliondoki. Pengine ndiyo siku ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Hapo watu hukusanyika: mmoja asema lisukumwe, wa pili asema livutwe kwa kamba, na wa tatu akanyaga mafuta mpaka klachi yanuka. Hivyo ubovu mdogo hugeuka kuwa mkubwa. Yafaa kwanza kujua ni kitu gani kilicholishika gari, ndipo tulitie nguvu.

Mfano mzuri twaupata Tanzania Bara, katika Wilaya ya Same. Mji wa Same uko tambarare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, nao ni nchi kavu. Juu yake yasimama milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena chapita mita 2,400. Pepo zitokazo baharini humwaga mvua zake milimani, na mji wa Same hupata mabaki tu. Huko juu, mahali kama Mamba ambapo watu hulima tangawizi, masika ya Machi mpaka Mei hufuatwa na miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, na ukungu huweza kukaa muda mrefu. Kila tukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi.

Gari likilala milimani miezi hiyo, kisha lisiondoke, ni rahisi kusema, "Limeganda kwa baridi." Neno hilo lapoteza. Ulaya, wakati wa baridi kali, maji huweza kuwa barafu ndani ya breki, na joto kidogo huliachilia gurudumu. Baridi ya vijiji vya Upare si ya namna hiyo. Kinacholishika gari huko ni kutu. Ngoma ya breki ni chuma kitupu, hakina rangi ndani. Breki ya mkono ikivutwa, viatu vya breki hukibana chuma hicho, unyevu hubaki katikati, na kutu huvishikanisha viwili hivyo kama gundi. Basi mwenye kumwagia maji ya moto azidisha maji penye kutu. Gari kama hilo likilala Same mjini, penye hewa kavu, magurudumu yake hayana hatari kubwa ya kushikwa. Taabu yake yaelekea kuwa betri.

Sasa tazama dalili, moja baada ya moja.

1. Injini haiwaki, na taa zafifia. Hiyo ni betri. Hujimaliza polepole yenyewe, na saa na kengele ya wezi huila pia. Tazama vichwa vyake: vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, uvisafishe. Kumbuka kwamba gari la gia za kujiendesha haliwashwi kwa kusukumwa, na betri ikifa kabisa, mara nyingi mkono wa gia hautoki kwenye P.

2. Injini yawaka, lakini gia haiingii ila kwa kukwaruza. Ukizima injini yaingia vizuri. Hapo sahani ya klachi imeshikana kwa kutu na gurudumu la injini. Kazi hiyo mpe fundi, hasa gari likiwa mteremkoni.

3. Injini yawaka, gia yaingia, ukiachia klachi gari lajivuta kidogo, kisha injini yazima. Breki zimeshika.

4. Injini yanguruma, magurudumu yako huru, lakini gari halijivuti. Ubovu uko katika klachi, gia au ekseli, nao hauponi kwa kusukuma.

Kwa ubovu wa tatu, fanya hivi. Gari liwe mahali pa sawa, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Achia breki ya mkono, weka gia huru, inua gurudumu moja kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Lisilozunguka ndilo lililoshikwa. Kwa kawaida ni la nyuma. Lishushe chini, kisha jaribu kwenda mbele na nyuma taratibu, mara chache, bila kunguruma. Lisipoachia, linyanyue tena, livue, uigonge ngoma ukingoni kwa nyundo, ukiweka kipande cha mti katikati. Ngoma za magari mengi ya Japani zina matundu mawili ya bolti za milimita 8. Ukizikaza sawasawa, zaisukuma ngoma itoke. Tazama pia waya wa breki ya mkono: huota kutu ndani ya ala yake, hata mkono ukashuka na breki isiachie.

Gari likiisha kuachia, usishangilie mapema. Mtu wa Mamba ana mteremko mrefu mbele yake kabla ya kufika Same, na breki inayoshika upande mmoja huvuta gari nje ya njia. Jaribu kwanza mahali pa sawa, kwa mwendo mdogo, mara tano au sita. Kisha simama, ukaribishe mkono kwenye kila gurudumu bila kugusa. Lililo na moto kuliko wenzake bado lajikwaruza.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakiisha kunywa maji, kipimo chake cha chini ni nyuzi 140 tu. Mteremkoni breki hupata moto mwingi, mafuta yakachemka, na pedali ikazama mpaka chini bila gari kusimama. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Dawa ya haya yote ni ndogo. Gari linalokwenda kulala liachwe mahali pa sawa, penye paa, likiwa ndani ya gia, mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na breki ya mkono isivutwe. Betri ifunguliwe waya wa hasi. Kila juma mbili gari liwashwe, lisogezwe hatua chache, na breki ikanyagwe.

Sisi wa visiwani hatuna baridi ya Upare, lakini tuna unyevu, na juu yake tuna chumvi ya bahari, ambayo huharakisha kutu. Gari lililoegeshwa karibu na pwani laweza kushikwa vilevile bila mtu kuhisi baridi hata siku moja. Mwanachama alitengeneze lake sasa, karafuu zingali mitini.