Chungu cha Wazee Wetu



Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za vijana wanne waliokataa chakula cha mfalme, wakaomba wajaribiwe siku kumi kwa chakula cha mimea na maji. Leo twapenda kuzungumza juu ya jaribio lingine la namna hiyo, maana linahusu ugonjwa unaoogopwa sana nyumbani mwetu, yaani saratani.

Kwanza tumkumbuke Denis Burkitt, daktari mpasuaji na Mkristo kutoka Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana kwa watu wa vijijini, hali Ulaya na Marekani iliwapata wengi. Akaziandikia hospitali nyingi za misheni katika Afrika kuuliza, nazo zikamjibu vivyo hivyo. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu kubwa yaweza kuwa nyuzinyuzi za chakula, zilizomo katika nafaka isiyokobolewa, maharagwe na mboga.

Je, labda ni damu ya Kiafrika tu inayotukinga? Mwaka 2015 wataalamu walieleza jaribio lao. Watu 20 wenye asili ya Kiafrika wa mji wa Pittsburgh, Marekani, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula kwa namna ya kijijini, wakapata gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku badala ya 14, na mafuta machache. Wale wa vijijini wakapewa nyama na mafuta mengi. Muda ulipokwisha, dalili za hatari zilikuwa zimepungua katika utumbo wa Wamarekani, na zimeongezeka kwa wale wengine. Hakuna aliyepata saratani kwa wiki mbili hizo. Lakini ilionekana wazi kwamba damu pekee si ngao.

Nyuzinyuzi hufanyaje kazi? Hazisagiki tumboni. Zikifika utumbo mpana, vijidudu vyema huzila na kutoa kitu kinacholisha na kutuliza ngozi ya ndani ya utumbo. Tukila unga mweupe na nyama tu, vijidudu hivyo hushinda njaa.

Hata hivyo, tusidhani kila desturi ya kale ni njema. Mahindi yenye kuvu huwa na sumu ya aflatoksini, iletayo saratani ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, hasa Ukambani. Kupika hakuiondoi. Basi tukaushe mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani, na yenye kuvu tuyatupe, hata kama roho yatuuma. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vyenye moto unaopita digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio. Tuiache chai ipoe kidogo.

Jambo moja zaidi. Chakula chema hupunguza hatari, hakiiondoi. Yuko aliyekula wimbi na mnavu maisha yake yote, naye akaugua. Tukienda kumwona mgonjwa, tusimwulize alikula nini hata akajiletea hayo. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Na mtu akiona damu chooni, au chakula kikimkwama kooni, asingoje. Aende hospitali mapema.

Akina mama na akina baba, wageni wajapo twaficha githeri na viazi vitamu, tukakimbilia dukani kununua mkate mweupe na soda. Watoto wetu hutazama, wakajifunza kwamba chakula cha nyumbani ni cha aibu. Danieli hakuona aibu mbele ya meza ya mfalme. Nasi tukiandae chakula chetu mezani kwa furaha, tumshukuru Mungu, tule pamoja na wageni wetu.