Binti wa Pangani na Vyuo Viwili

Sogeeni karibu, wajukuu, niwasimulie. Ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni, aliishi binti aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Jina lake silitaji, kwa kuwa kila mwaka yupo mwingine kama yeye, awe wa Muheza, wa Mkinga au wa Tanga mjini. Mwakani huenda ukawa wewe.

Binti aliomba kusomea ualimu wa Kiswahili. Majibu yalipotoka, alikuta amechaguliwa vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Hapo ukaanza mtihani mwingine. Tume ya Vyuo Vikuu humtaka aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja tu, tena ndani ya siku chache.

Mjomba wake hakutaka mjadala. "Mlimani, mpwa wangu! Ukisema umesoma Mlimani, nani atakuuliza mara mbili?"

Mjomba alikuwa na hoja. Chuo kile kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Sifa yake haikuokotwa. Waliosoma na kufundisha pale waliifanyia kazi miaka mingi.

Lakini moyo wa binti ulikuwa Morogoro. Chuo cha kule kilianza mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya mafunzo ya TANESCO. Ni kidogo kuliko Mlimani, na mama yake mdogo anaishi mji huohuo. Alijiona atakuwa na amani kule, ila aliona haya kusema, asije akaambiwa ameogopa jiji.

Jioni alimwendea bibi yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia mjomba wako anavyosema, na naona moyo wako uko Morogoro. Sasa nijibu mimi: huko kwenye raha utafanya nini ambacho Mlimani kwenye sifa hutakiweza?"

Binti hakuwa na jibu. Alilala nalo swali lile. Asubuhi alirudi.

"Bibi, nikikaa kwa mama mdogo, fedha ya mkopo ya chakula na malazi nitaibana ninunue vitabu. Na mimi ni mpole, kwenye ukumbi wa mamia ya watu sitanyoosha mkono. Darasa likiwa dogo nitauliza, na mimi huelewa kwa kuuliza. Nimeangalia pia: kozi inatambuliwa na Tume, na Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wa kule."

Bibi akamwambia, "Basi thibitisha Morogoro. Ungeniambia unakwenda kule usihangaike, ningekufungia mzigo wa Dar es Salaam kwa mikono yangu."

Wajukuu, hapo ndipo penye kisa. Raha ni kama kivuli cha mwembe: mvuvi mmoja hukaa hapo akafuma nyavu mpaka magharibi, mwingine hukaa akalala. Kivuli ni kilekile. Kwa hiyo msimcheke mwenzenu aliyechagua chuo kinachompa utulivu, wala msimsifu kabla hamjajua utulivu ule anautaka kwa kazi gani.

Wala msidhani jina la chuo ndilo litakaloandika vitabu vyenu. Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha na hakusoma chuo kikuu. Leo anayesomea Kiswahili, awe Mlimani au Morogoro, hawezi kumkwepa.

Siku yenu ikifika, hakikisheni kwanza kwamba chuo na kozi vinatambuliwa. Hesabuni nauli, chakula na malazi bila kujidanganya. Kisha jiulizeni swali la bibi. Jibu likiwa kazi mtakayoifanya, thibitisheni bila haya, hata mjomba akinuna. Jibu likiwa kukimbia ugumu tu, chagueni chuo kigumu, kwa kuwa ugumu mnaoukimbia leo utawangoja kazini, na huko hakuna mwalimu wa kuwashika mkono.