Fuata Kete ya Mwisho

Anayesimama kando ya bao kwa mara ya kwanza, chini ya mti mjini Bariadi, haoni mchezo, anaona mikono. Kete zinachotwa, zinasambazwa, zinachotwa tena, na kabla hajajua nani kaliwa, zamu imeshahama. Wengi huondoka hapo wakiamini bao ni la wazee. Si kweli. Mchezo wote umesimama juu ya swali moja: kete ya mwisho imeangukia wapi?

Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni zako, mbili za mwenzako. Kete ni 64, kila mtu 32. Pwani hutumia komwe. Huku kwetu kokoto na mashimo ya kuchimba ardhini vinatosha.

Wasukuma wana isolo, mchezo wa ukoo huohuo wenye safu nne, na kanuni zake hutofautiana kati ya wanawake, wavulana na wazee. Kwa hiyo ukiketi na mzee wa Itilima au Maswa, uliza kwanza mnacheza upi. Hapa naeleza bao la Kiswahili, tena kwa namna nyepesi iitwayo bao la kujifunza: kila shimo linaanza na kete mbili.

Hesabu mashimo yako ya mbele kutoka kushoto, la kwanza hadi la nane. Chota kete mbili za shimo la tatu, uzitie mojamoja kuelekea kulia: la nne, la tano. Ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia. Huo ni mtaji: umekula. Kete ulizokula unazitia upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni, ukiendelea na mwelekeo uleule. Moja shimo la kwanza, moja la pili. La pili lina kete na mbele yake zipo: umekula tena. Hapo ni kimbi, jirani wa kichwa, na aliyekula kimbi lazima aanzie kichwa cha karibu. Kwanza, pili. Safari hii mbele ya shimo la pili ni patupu, ila shimo lenyewe lina kete nne. Zichote zote, uendelee: tatu, nne, tano, sita. Mbele ya la sita kuna kete mbili; kula. Anzia kichwani: kwanza, pili. Shimo la pili ulikuwa umelichota lote, kwa hiyo kete ya mwisho imeangukia shimo tupu. Umelala. Zamu moja, kete sita.

Zipange uone mwenyewe. Nakuomba kwa dhati usisome tu.

Kula si hiari: mtaji ukiwepo, lazima uuchukue. Usipokuwepo unatakata, unasogeza kete bila kula. Anayebaki bila kete safu ya mbele, au bila shimo lenye kete mbili au zaidi, ameshindwa. Bao kamili huongeza shimo maalumu liitwalo nyumba, na huanza na hatua ya namua, ambapo kila mmoja ana kete 22 mkononi na huingiza moja kila zamu. Hayo yasubiri.

Katika bakgamoni, mchezo mwingine wa ubao, dadu mbili ndizo huamua uende hatua ngapi, na hodari anaweza kuangushwa na bahati. Baoni hakuna dadu. Alexander de Voogt, mtafiti wa Uholanzi aliyechapisha kitabu mwaka 1995 kuhusu umahiri wa bao, alivutwa hasa na namna mabingwa wa Zanzibar wanavyoona kichwani mwisho wa mzunguko mrefu. Kijana wa Bariadi ajizoeze hilo tangu siku ya kwanza: mkono usiguse shimo kabla macho hayajafika kete ya mwisho.

Sasa tazama upande wa pili wa ubao wetu. Mpinzani ana kete 26, mashimo matatu ya mbele ni matupu, wewe una 38. Kichwa chako cha kushoto kimejaa kete tano, na zamu ni yake. Yeye ataanzia shimo gani ili kete yake ya mwisho itazamane na hizo tano?