Lenzi ya kizamani, kamera ya kisasa: Adapta ndiyo siri

Una kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, lakini mfuko hauruhusu lenzi mpya? Tulia. Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, bado inapiga picha kali za sura.

Lenzi za aina ya M42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwa sensa. Za Sony E, milimita 18 tu. Pengo hilo ndilo linalojazwa na adapta, pete tupu ya chuma.

Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila lenzi, kisha zungusha fokasi kwa mkono.

Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Achana nayo, hata ukishushiwa bei.