Paa za Japani zilizojengwa mithili ya viganja vya mwenye kusali

KATIKA milima ya Japani ya kati viko vijiji ambavyo nyumba zake zina paa lenye umbo la herufi A, lililoezekwa kwa nyasi na kuinamishwa kwa pembe ya karibu digrii 60.

Wenyeji huziita gassho-zukuri, maana yake ujenzi wa viganja vilivyokutanishwa kama vya mtu anayesali.

Umbo hilo halikuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Theluji huanguka huko kwa wingi mno, nayo ikirundikana juu ya paa bapa huweza kuliangusha. Penye mwinamo mkali huporomoka yenyewe.

Isitoshe, pembetatu haipotoki hata maungio yake yakiwa legevu. Nguzo mbili zinazoegemeana kileleni husukumana nje miguuni, na boriti ya chini ndiyo huzizuia zisitawanyike.

La ajabu ni kwamba mpau wote haupigiliwi msumari. Hufungwa kwa kamba za mabua ya mpunga na fito mbichi, ambazo hukaza zinapokauka. Fundi wa Lamu au Malindi aliyezoea kufunga makuti hangeona ugeni hapo.

Darini walifugwa viwavi wa hariri. Chini ya sakafu ilitengenezwa shura ya kuundia baruti.

Tatizo ni kuezeka upya, kazi inayofika kila baada ya miaka 30 hadi 40. Upande mmoja tu wa paa huweza kuhitaji watu zaidi ya 100, na kwa desturi hakuna anayelipwa: aliyemsaidia jirani leo, atasaidiwa zamu yake ikifika. Ujima huo huitwa yui. Kijiji kinapohamwa na vijana, paa hukosa mikono.

Bwawa la Miboro, lililokamilika 1961, lilizamisha makazi kadhaa ya bonde hilo. Mnamo 1971 wakazi wa Ogimachi waliafikiana kuwa nyumba zao zisiuzwe, zisikodishwe wala zisibomolewe. Mwaka wa 1995, UNESCO ilikiorodhesha kijiji hicho, pamoja na Ainokura na Suganuma, kuwa urithi wa dunia.

Adui aliyebaki ni moto. Moshi wa meko hukausha nyasi na kufukuza wadudu, lakini cheche moja yaweza kuteketeza mtaa mzima. Ndiyo sababu, kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, mabomba ya Ogimachi hufunguliwa kwa pamoja na maji kurushwa juu ya mapaa, kuhakikisha yote yanafanya kazi.