Mmea Kustawi Juu ya Lava Si Hati ya Usalama

Mboga zinazochipua katikati ya mawe meusi ya Katindo, mtaa wa Goma, humfanya mtu aamini kwamba mmea huzoea kila kitu. Hakika maisha hurudi juu ya lava, hata ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoukata mji huo mwaka 2002: kwanza hushika kuvu wa kijivu anayeishi pamoja na mwani, kisha majani ya jamii ya kangaga kwenye nyufa, halafu vichaka. Lakini kuvumilia kuna gharama. Maji ya mvua hupenya upesi kwenye nyufa za lava, na mizizi iliyo katika udongo haba huhisi kiu mapema. Hapo mmea hutengeneza homoni inayofunga vitundu vya majani viitwavyo stomata. Maji hubaki ndani, ila hewa ya ukaa nayo haiingii, chakula hakitengenezwi, na mavuno hupungua.

Wapo watakaosema kwamba udongo wa volkano una rutuba, na mashamba ya Rutshuru na Masisi ni ushahidi. Ni kweli, lakini rutuba ile imetokana na majivu na mawe yaliyomomonyolewa kwa muda mrefu sana. Lava changa haina naitrojeni ya kutosha. Wengine watasema mbegu za kwetu zimekwisha kuzoea. Kuzoea kwa aina hiyo hupitia vizazi: mimea dhaifu hufa, iliyo imara huacha mbegu. Maharagwe yanaweza kupita njia hiyo iwapo mkulima anachanganya mbegu na kuchagua. Muhogo unaopandwa kwa vipande vya shina, au mgomba kwa machipukizi, ni mmea uleule unaorudiwa, hivyo haubadiliki kwa urahisi.

Kwa hiyo sombe, yaani majani ya muhogo, likiwa la kijani halithibitishi kwamba mazingira ni salama. Gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huyeyuka katika mvua, zikawa asidi inayounguza majani. Jani lililoungua haliponi, mmea huotesha jingine. Mvua hiyohiyo hujaza matanki ya nyumbani, ikibeba floridi ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto yanayokua. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Bustani isaidiwe kwa mboji inayoshika maji, na maji ya kunywa yapimwe, hata kama mboga za jirani zimenawiri.