Kusafisha injini nyumbani: Hatari kubwa iko kwenye chupa ya soda

Jumamosi asubuhi, gari limeegeshwa uani chini ya mwembe na boneti iko juu. Baba amevaa fulana iliyochakaa, brashi mkononi. Pembeni yake, chini, kuna chupa ya soda ya nusu lita. Ndani yake si soda, ni petroli ya kukatia oili iliyoganda kwenye injini. Mtoto wa miaka mitatu, ambaye wiki nzima baba huondoka kabla hajaamka, amechuchumaa hatua mbili kutoka ilipo chupa hiyo.

Ni picha ya kawaida katika nyumba nyingi zenye gari. Kinachowatia hofu wengi ni maji kuingia kwenye nyaya, gari likagoma kuwaka. Hilo hutokea, na fundi hulirekebisha. Mapafu ya mtoto aliyekunywa petroli si rahisi hivyo kuyarekebisha.

Petroli na mafuta ya taa si sabuni

Petroli hukata oili upesi, ndiyo maana hutumika sana gereji. Lakini hutoa mvuke unaoshika moto hata hali ya hewa ikiwa ya baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini hadi ulipo moto. Jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua, sigara au cheche ya betri inatosha kuuwasha.

Mafuta ya taa hayashiki moto haraka kama petroli, lakini kwenye injini ya moto nayo ni hatari. Gari lililotoka safarini, maji ya rejeta huwa kwenye nyuzi joto 90 hivi, na bomba la moshi huwa la moto zaidi ya hapo.

Hatari nyingine ni mdomoni. Mtoto mdogo hasomi maandishi, anatambua chupa. Akinywa, kinachoumia zaidi ni mapafu kuliko tumbo. Mafuta haya ni mepesi, na mtoto akipaliwa au kutapika, kiasi kidogo huteleza kwenye njia ya hewa na kusababisha nimonia inayotokana na kemikali.

Maji ya rangi ya rejeta, yale yanayoitwa kulanti, nayo yasiachwe wazi. Mengi yana kemikali yenye ladha tamu inayoharibu figo.

Namna ya kuifanya kazi kwa usalama

Kwanza, watoto wawe ndani, na mtu mzima mwingine awe nao. Zima gari, toa ufunguo na liache lipoe, angalau saa moja au mbili. Katika magari mengi feni ya rejeta inaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ni ya moto, maji huruka na kuunguza uso.

Vaa glovu, miwani na viatu vya kufunika miguu. Oili iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi zinapogusa mwili mara kwa mara, na betri ina tindikali inayounguza macho. Tindikali ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Fungua waya hasi wa betri kabla ya ule chanya. Kwa magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Funika kwa nailoni betri, alterneta, kisanduku cha fyuzi na sehemu inayovuta hewa.

Ondoa vumbi na majani kwa brashi kavu. Kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji, au dawa ya kuondoa grisi isiyotengenezwa kwa petroli. Iache dakika chache, sugua kabla haijakauka, kisha futa kwa kitambaa chenye maji au suuza kwa maji kidogo. Usipige presha, kwani husukuma maji ndani ya soketi za umeme.

Kausha, ondoa nailoni zote, subiri pakauke kabisa, halafu rudisha waya chanya kwanza na hasi mwisho. Washa injini dakika 10 hivi gari likiwa nje. Ndani ya gereji iliyofungwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua.

Kama gari ni la haibridi, usimwage maji wala kugusa nyaya nene za rangi ya chungwa. Zinabeba umeme mkubwa. Hilo mpelekee fundi anayelijua.

Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa majirani watakuambia yanakata sumu. Akitapika, mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe.

Nenda hata kama anacheza na anaonekana mzima, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa. Kukohoa, kupumua haraka, mbavu kubonyea anapovuta hewa, usingizi usio wa kawaida au midomo kubadilika rangi ni dalili za hatari.

Akiungua, poza jeraha kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Moto wa petroli usiumwagie maji. Tumia mchanga, au mtungi wa kuzimia moto ulio kwenye buti la gari. Kwa hiyo uweke karibu kabla ya kuanza kazi. Ukikuzidi, ondoa watu na upige 114, namba ya Zimamoto nchini Tanzania.

Kabla ya kufunga boneti

Kusanya matambara yenye oili na uyaweke mbali na jiko. Maji machafu yasielekezwe kisimani wala kwenye bustani ya mboga, yamwagie mchanga au pumba za mbao ziyanyonye.

Halafu zunguka uani na uhesabu chupa. Yenye petroli au kulanti isibaki chini ya mwembe, stoo wala chini ya sinki. Ihamishie kwenye chombo chake chenye jina, mfuniko ukazwe, iwekwe juu na kufungiwa, mahali ambapo hata mtoto aliyepanda kwenye kiti hafiki.